Kimya cha iridiamu: Jinsi wanasayansi wanavyosaka elektroni zilizofungamana ndani ya oksaidi

KATIKA mkoa wa Hyogo nchini Japani kuna mtambo wa mviringo uitwao SPring-8, wenye mzingo wa mita 1,436, ambamo elektroni huzungushwa kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga hadi zikatoa eksirei kali mno. Hapo ndipo kundi la watafiti lililoongozwa na mwanafizikia B. J. Kim lilipopeleka kipande kidogo cha fuwele nyeusi, likakipoza na kukimulika kwa eksirei za viwango viwili vya nishati. Katika kiwango cha kwanza, fuwele hiyo iliitikia kwa nguvu. Katika kiwango cha pili, ilinyamaza.

Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Science mnamo Machi 2009, na kimya ndicho kilichokuwa habari yenyewe. Kwa watafiti hao, kunyamaza huko kulikuwa ushahidi kwamba ndani ya fuwele mna elektroni ambazo usumaku wake na mwendo wake vimefungamana kiasi cha kutotenganishika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hata hivyo, kimya chaweza kuwa na sababu zaidi ya moja, na haikuchukua miaka mingi kabla ya wanafizikia wengine kusimama na kuuliza iwapo hiki cha iridiamu kilikuwa kimesomwa ipasavyo.

Fuwele yenyewe ni oksaidi ya strontiamu na iridiamu. Kwa kila atomu moja ya iridiamu kuna mbili za strontiamu na nne za oksijeni, na wanakemia huandika Sr2IrO4. Haina matumizi yoyote nyumbani wala kiwandani. Thamani yake imo katika kitendawili inachokibeba: kwa hesabu za kawaida za fizikia, ingepaswa kupitisha umeme kama chuma, lakini inakataa.

Abiria wasiokubali kupakatana

Kitendawili cha aina hii si kigeni. Mnamo 1937, Waholanzi J. H. de Boer na E. J. W. Verwey walionyesha kwamba oksaidi ya nikeli na nyinginezo za jamii hiyo, ambazo nadharia ya wakati huo ilizihesabu miongoni mwa vitu vinavyopitisha umeme, kwa kweli huuzuia. Waliotoa dokezo la jibu mwaka uo huo ni Rudolf Peierls na Nevill Mott. Walisema kwamba nadharia ilisahau jambo moja la msingi: elektroni zina chaji ya aina moja na kwa hivyo husukumana.

Chukua mfano wa matatu ambayo kila kiti kina abiria mmoja, na hakuna abiria anayekubali kumpakata mwenzake. Hata utingo akipiga kelele namna gani, hakuna atakayesogea, kwa sababu kusogea ni kuketi juu ya mtu. Ndivyo ilivyo kwa elektroni za oksaidi ya nikeli. Kila atomu ina zake, na gharama ya kuongeza nyingine hapo ni kubwa kupita kiasi. Umeme hausafiri.

Maelezo hayo yanafaa kwa nikeli, shaba na wenzao wepesi, ambao elektroni zao za nje hukaa karibu na kiini na hivyo kubanana. Iridiamu ni nzito. Ni elementi ya 77, na mawingu ya elektroni zake za nje ni mapana, yanaingiliana na ya majirani, na msukumano ndani yake ni hafifu. Kwa lugha ya matatu, viti vyake ni vipana na abiria hawana ugomvi. Isitoshe, kuna ushahidi wa ndugu yake: rodiamu, elementi ya 45, hukaa juu ya iridiamu katika safu iyo hiyo ya jedwali la elementi, na ina idadi sawa ya elektroni za nje ndani ya oksaidi yenye muundo unaokaribia kufanana na huo. Oksaidi ya rodiamu hupitisha umeme. Ya iridiamu haipitishi. Ni kitu gani basi kilicho katika iridiamu na ambacho rodiamu imepungukiwa nacho?

Askari wa zamu

Jibu linarudi nyuma hadi mwaka 1925, wakati George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit walipopendekeza kwamba kila elektroni ina spini, sifa inayoifanya kuwa kama sumaku ndogo. Jina hilo hupotosha kidogo, kwani elektroni haizunguki kama pia ya watoto, lakini limeshazoeleka na halina budi kutumika.

Mbali na spini, elektroni pia ina mwendo wake kukizunguka kiini. Mtu aliyesimama duniani huona jua ndilo linalosafiri angani. Vivyo hivyo, kwa elektroni, kiini ndicho kinachoonekana kuzunguka. Kiini kina chaji, na chaji inayosafiri ni mkondo wa umeme, na mkondo wa umeme huzaa usumaku. Usumaku huo huvuta spini. Kwa njia hiyo, mwendo wa elektroni na spini yake hufungwa pamoja, na kadiri kiini kilivyo na chaji nyingi ndivyo fundo linavyokaza. Katika shaba yenye protoni 29, fundo ni legelege na mara nyingi hupuuzwa katika hesabu. Katika rodiamu limekaza kiasi. Katika iridiamu yenye protoni 77, nguvu yake hufikia takriban elektronivolti 0.4, kiasi kinachoweza kushindana na nguvu nyingine zote zinazoamua tabia ya elektroni hizo.

Ndani ya fuwele, kila atomu ya iridiamu imezingirwa na oksijeni sita: nne pembeni, moja juu na moja chini. Zingirio hilo huziachia elektroni za nje mawingu matatu ya kukaa, kila moja likiwa na umbo la ua lenye petali nne, na kila moja likielekea upande wake. Mawingu matatu yana nafasi sita. Elektroni ni tano. Inabaki nafasi moja tupu, na pengo hilo moja ndilo linaloamua kila kitu.

Nadharia inasema kwamba fundo likiwa limekaza vya kutosha, pengo halikai katika wingu moja. Linagawanyika katika mawingu yote matatu, theluthi kwa theluthi, na katika wingu moja spini huelekea juu huku katika mengine mawili ikielekea chini. Ni kama askari wa zamu ambaye akiwa lango la mbele huvaa sare ya kijani, na akiwa katika malango mawili ya nyuma huvaa sare nyekundu. Ukiuliza rangi ya sare yake bila kutaja lango, swali lenyewe halina jibu. Tofauti ni kwamba askari huyu wa kikwanta yuko katika malango yote matatu kwa wakati mmoja, na hapo mfano hufika ukomo wake.

Athari ya mgawanyo huo ni kubwa. Elektroni nne kati ya tano hushuka katika viwango vya chini na kuvijaza. Ya tano hubaki peke yake juu, katika njia nyembamba kuliko ile pana iliyotazamiwa, na katika njia nyembamba hata msukumano hafifu hutosha kuzuia mwendo. Matatu yenye viti vipana imegeuka kuwa yenye viti vyembamba, na abiria wameanza tena kukataa kupakatana. Kim na wenzake walitoa hoja hiyo mwaka 2008 katika jarida la Physical Review Letters, wakitumia vipimo vya elektroni zinazong'olewa kwa mwanga na hesabu za kompyuta. Kilichokosekana ni ushahidi wa moja kwa moja kwamba mawingu matatu yamechanganyika kwa namna iliyodaiwa.

Njia tatu za wimbi moja

Kwa kawaida anayetaka kujua mpangilio wa sumaku ndani ya kitu hutumia nyutroni. Bahati mbaya iridiamu huzimeza nyutroni kwa pupa, hivyo kinachosalia cha kupimwa ni kidogo. Ndipo watafiti wakageukia eksirei.

Mbinu waliyoichagua hufanana na kusukuma bembea: ukisukuma kwa mpigo unaolingana na wa bembea yenyewe, mwendo hukua. Eksirei ikiwa na nishati inayolingana barabara na gharama ya kuinua elektroni ya ndani ya iridiamu hadi kwenye lile pengo, elektroni hiyo hupanda, kisha huanguka tena na kutoa eksirei nyingine. Iridiamu ina viwango viwili vya ndani vinavyofaa kwa kazi hii. Kimoja, kiitwacho L3, huitikia karibu elektronivolti 11,200. Kingine, L2, karibu elektronivolti 12,800.

Kwa kuwa pengo limesambaa katika mawingu matatu, elektroni inayopanda ina njia tatu za kulifikia, na katika ulimwengu wa kikwanta huzipita zote. Kila njia ni kama wimbi. Mawimbi ya baharini yakikutana kilele kwa kilele huinuka. Yakikutana kilele kwa bonde hufutana. Hesabu ilionyesha kwamba pengo likiwa limegawanyika ipasavyo, mawimbi ya L3 yatajumlika na ya L2 yatafutana. Pasipo mfungamano, viwango vyote viwili vingeitikia.

Fuwele ilipozwa chini ya nyuzi 33 chini ya sufuri, ambapo sumaku zake ndogo hujipanga kwa kupishana, moja ikielekea huku na jirani yake kule. Mpangilio huo hutoa nuru katika pembe ambazo fuwele isiyo na sumaku ingeacha giza. Watafiti waliitazama pembe mojawapo. L3 iling'aa. L2 ilibaki karibu giza tupu.

Lilikuwa jaribio la kupendeza, na si ajabu kwamba mara moja liligeuzwa kuwa kipimo cha jumla. Katika miaka iliyofuata, maabara kadhaa zilichukua oksaidi nyingine za iridiamu, zikalinganisha L3 na L2, na kila L2 iliponyamaza zikatangaza kwamba elektroni zilizofungamana zimepatikana.

Shahidi wa pili

Mwaka 2011, Laurent Chapon na Stephen Lovesey walitilia shaka usomaji huo wa kimya. Mwaka 2014, Marco Moretti Sala na wenzake walichapisha hesabu zilizoonyesha kasoro ilipo. Katika Sr2IrO4, sumaku ndogo zimelala ndani ya tabaka za fuwele, hazikusimama wima. Kwa sumaku zilizolala hivyo, L2 hunyamaza hata kama mgawanyo wa mawingu uko mbali sana na theluthi kwa theluthi. Kwa maneno mengine, kimya kilikuwa kikisema mengi kuhusu upande ambao sumaku zimelalia, na machache kuhusu jinsi pengo lilivyogawanyika.

Yafaa kuwa waadilifu hapa. Kipimo cha 2009 kilikuwa sahihi na hakuna aliyedai kinyume. Kilichozidi ni uzito wa maana uliobebeshwa kimya hicho, hasa na waliokuja baadaye na kukichukua kama muhuri wa kugongwa juu ya kila oksaidi mpya.

Mfano dhahiri ni wa oksaidi ya kalisi na iridiamu, CaIrO3. Mwaka 2013, watafiti nchini Japani waliipima kwa njia ya L3 na L2, wakaripoti kwamba L2 imenyamaza, na wakahitimisha kwamba mfungamano kamili umo. Mwaka 2014, kundi la Moretti Sala liliipima kwa mbinu tofauti na kufikia hitimisho lililo kinyume: zingirio la oksijeni katika fuwele hiyo limebonyea mno, mgawanyo wa mawingu umevurugika, na hali ya elektroni si ile iliyotangazwa.

Mbinu hiyo ya pili inastahili maelezo, kwa sababu ndiyo inayotegemewa zaidi kwa oksaidi hizi. Mtu akiingia dukani na noti ya shilingi 1,000 na kutoka na chenji ya shilingi 380, anayemtazama kwa nje anaweza kujua kwamba alichonunua kiligharimu shilingi 620, hata bila kukiona. Eksirei huingia katika fuwele na nishati inayojulikana, hutumia sehemu yake kuhamisha elektroni kutoka kiwango kimoja hadi kingine, kisha hutoka na chenji. Chenji hiyo ikihesabiwa kwa makini, bei ya kila kiwango hujulikana.

Iwapo zingirio la oksijeni limenyooka na mfungamano ni kamili, viwango vya chini ambamo zile elektroni nne hukaa vina bei moja. Zingirio likibonyea, bei hujigawa mara mbili, na tofauti kati ya bei hizo huonyesha ni kwa kiasi gani mgawanyo wa theluthi kwa theluthi umeharibika. Katika CaIrO3, tofauti ilikuwa kubwa. Katika Sr2IrO4, vipimo vya aina hii vilivyofanywa na Jungho Kim na wenzake katika maabara ya Argonne karibu na Chicago, na kuchapishwa mwaka 2012, vilionyesha viwango hivyo mahali ambapo nadharia ilivitarajia. Hali yake inakaribia ile kamilifu, ingawa haiifikii.

Kwa hiyo hitimisho la 2009 kuhusu fuwele ile ya kwanza lilisimama, lakini kwa miguu ya ushahidi mwingine. Upo pia ushahidi rahisi zaidi, wa kulinganisha kiasi cha eksirei kinachomezwa katika L3 na katika L2. Bila mfungamano wa spini na mwendo, uwiano hukaribia 2. Katika oksaidi za iridiamu hufika karibu 4 na wakati mwingine kuzidi. Huo huthibitisha kwamba fundo lipo na limekaza. Hauelezi limefungwa vipi.

Sega la nyuki

Haja ya kujua fundo limefungwa vipi inatokana na pendekezo la mwaka 2006, wakati Alexei Kitaev alipochapisha hesabu ya sumaku ndogo zilizopangwa kwa umbo la sega la nyuki. Kila sumaku ina majirani watatu, na kila jirani huivuta kuelekea upande tofauti. Haiwezi kuwaridhisha wote, hivyo haitulii kamwe, hata baridi ikifika sufuri kabisa. Hali hiyo huitwa kimiminika cha spini, na inawavutia wanaotafuta namna ya kuhifadhi taarifa katika kompyuta za kikwanta bila kuvurugwa na kelele za nje.

Kwa muda ilikuwa hesabu tu. Mwaka 2009, George Jackeli na Giniyat Khaliullin walionyesha kwamba pengo lililogawanyika theluthi kwa theluthi linaweza kuleta mvutano wa aina hiyo hiyo kati ya atomu za iridiamu. Sharti ni mgawanyo uwe karibu na kamili. Ukivurugika, mvutano wa kawaida huingia, na sumaku hutulia kama nyingine zote. Ndiyo sababu kosa la kusoma kimya si la kitabuni tu: maabara inaweza kupoteza miaka ikikuza fuwele ambayo tangu mwanzo haikuwa na ilichokitafuta.

Oksaidi ya sodiamu na iridiamu, yenye umbo la sega, ilitia matumaini na kisha kuyapunguza. Mvutano wa pande tatu ulithibitishwa ndani yake kwa eksirei mwaka 2015, lakini sumaku zake hutulia baridi inapokaribia nyuzi 258 chini ya sufuri. Nyingine iliyotengenezwa kwa haidrojeni, lithiamu na iridiamu iliripotiwa mwaka 2018 kuwa haikutulia hata karibu kabisa na sufuri ya mwisho, ingawa bado kuna ubishi kuhusu mchango wa kasoro za fuwele yenyewe.

Iridiamu haipatikani kwa wingi. Dunia nzima huzalisha tani chache tu kwa mwaka, nyingi zikitoka Afrika Kusini, ambako huchujwa kutokana na mawe yanayochimbwa kwa ajili ya platini. Bara linaloitoa halina hata mtambo mmoja wa aina ya SPring-8 wa kuipimia. Watafiti wa Afrika hutegemea mitambo ya ng'ambo, ukiwemo ule wa Grenoble nchini Ufaransa na ule wa SESAME nchini Jordan uliozinduliwa mwaka 2017, ambao Misri ni mwanachama wake.

Tangu 2018, sehemu ya msako imehamia kwa kobalti, elementi ya 27, baada ya makundi mawili ya wananadharia kuonyesha kwamba nayo inaweza kubeba elektroni zilizofungamana kwa namna inayokidhi sharti la Kitaev. Ni ya bei nafuu kuliko iridiamu, haina pupa ya nyutroni kama yake, na nyingi huchimbwa Kolwezi na viunga vyake nchini Kongo. Lakini fundo lake ni legelege zaidi, na kubonyea kidogo kwa zingirio la oksijeni hutosha kulivuruga. Wala kipimo cha L3 na L2 hakiwezi kutumika kwa namna ile ile: eksirei zinazofaa kobalti zina nishati ya takriban elektronivolti 780, na urefu wa wimbi lake huzidi mara kadhaa umbali kati ya atomu na atomu. Watafiti wanatumia nyutroni pamoja na vipimo vya chenji, na hadi sasa hawajaafikiana iwapo sega za kobalti zilizokwisha kupimwa zina mvutano wa pande tatu au ule wa kawaida.